Nikinyamaza Ndo Sisomi

Watu wote waliowahi kuniambia "tuliza akili", naomba wakae kwenye benchi moja wanijibu swali moja tu: inatulizwaje? Maana wote wanaishia hapohapo. Tuliza akili, basi, wameshamaliza, wanaenda zao. Kama vile akili ni mbuzi, unamfunga kamba kwenye kigingi unaondoka. Ya kwangu haina shingo ya kufungwa. Nikiifungia mlango inapitia dirishani, na mimi mwenyewe sijui imeondoka saa ngapi mpaka niikute imeshafika mbali.

Nianze na shule, kwa sababu hasira yangu ilianzia huko. Tulikuwa na mwalimu mmoja mrefu, viatu vyake vinalia. Asubuhi akiita majina, naitika kama wenzangu, nipo. Halafu tunaambiwa tufungue kitabu tusome kimyakimya. Baada ya muda nasikia viatu nyuma yangu, na swali: umesoma nini? Nami nimesoma kweli. Macho yamepita kila neno, kurasa nimefunua. Lakini kichwani hamna kitu, kama mtu aliyevushwa sokoni akiwa usingizini halafu akaulizwa bei ya vitunguu. Basi mwalimu anarudi mezani, anafuta alama niliyowekewa asubuhi, anaandika kwamba sikuja. Anawaambia wenzangu, mwili umekuja, mwenyewe hajafika. Darasa linacheka mpaka madawati yanagongana. Akanipa na jina, Kipepeo.

Mwisho wa mwaka nikaitwa ofisini pamoja na dada yangu, ambaye ndiye aliyenilea, tukaambiwa mimi ni mtoro. Mimi, niliyekuwa nafika kabla ya kengele. Dada akauliza, sasa huyu mtoro ninayemfulia sare kila siku huwa anakwenda wapi? Nikaona niwarahisishie kazi. Nikaacha kweli.

Sasa hivi niko kwenye kiwanda cha kufulia. Tunafua shuka na taulo za mahoteli, na shuka za hospitali. Nilianzia chumba cha kuchambulia, ambako magunia yanaletwa machafu, unayamwaga sakafuni na kutenga kilicholowa damu na kilicholowa supu. Huko hakuna mtu anayekaa kwa mapenzi yake. Ukitoka hapo, pua yako inachelewa kutoka.

Aliyenitoa huko ni Babu Mvuke, mzee wa boila. Boila ndo moyo wa kiwanda kile. Linachemsha maji, mvuke unapanda kwenye mabomba, unapasha moto mashine za kufulia na ile mashine kubwa ya pasi. Likizima, kila mtu anakaa. Babu alihitaji mtu wa kumbebea vitu na kumpandia ngazi, kwa sababu magoti yalishamwambia kwaheri. Nikaenda, nikapenda. Boila halikuachii ukae. Uangalie kioo cha maji, kipimo cha presha, usikilize moto, ugeuze vali, uzunguke nyuma, urudi kwenye kioo. Kwa mtu kama mimi, kazi ile ni kama ilishonwa kwa vipimo vyangu.

Tatizo, Babu anastaafu. Na bosi akasema wazi mbele ya watu wote: boila haliguswi na mtu asiye na cheti cha ofisi ya ukaguzi. Atanilipia mtihani mara moja. Nikifaulu, boila langu. Nikifeli, analeta mtu kutoka nje na mimi narudi kuchambua shuka. Mara moja, Kipepeo, akasema. Jina lile sijui lilinifuataje mpaka kule.

Na mtihani wenyewe ni wa kusoma. Zamani, enzi za Babu, mkaguzi alikuwa anakuja kiwandani, anakwambia washa, zima, nionyeshe hiki. Siku hizi wanakupa kitabu ukakisome kwanza, halafu unaingia ukumbini unapewa karatasi yenye maelezo marefu, uyasome papo hapo na ujibu maswali kwa kuandika. Nikamuuliza Babu, boila litanipa karatasi? Akasema, mjukuu, usinigombeze mimi, mimi naondoka na magoti yangu.

Basi nikaletewa kitabu, nakala ya zamani ya pale kiwandani. Jalada lake lilikuwa na duara la kahawia katikati, alama ya bakuli la chai la Babu, ambalo lilikaa juu yake miaka na miaka. Nikaanza kusoma siku hiyohiyo mchana, nimekaa kwenye ndoo karibu na mlango. "Mhudumu wa boila atahakikisha kwamba kioo cha maji ni kisafi na kinaonekana vizuri wakati wote." Sawa. Kioo. Kinyozi wangu ana kioo chenye ufa unaopita katikati ya uso, ukikaa pale unajiona una pua mbili. Kinyozi yule siku ile alinikata vibaya upande mmoja, akaniambia ndo mtindo. Kiti chake kinalia, hakijawahi kuona mafuta. Hivi mafuta ya kula yanaweza kulainisha kiti? Si yataganda, yanuke? Kuna siku dada alimwaga mafuta ya kupikia kwenye zulia... Kushtuka, nimeshafunua kurasa kadhaa. Mkono umefunua wenyewe. Mkono ni mtiifu kweli, tatizo siyo mkono.

Nikaanza kuulizauliza watu wanasomaje. Hapo ndo nilipochoka kabisa. Kila mtu ni daktari. Mmoja ananiambia nitie miguu kwenye beseni la maji baridi. Nimetia, nimepata mafua. Karani wa ofisini akanipa rula niweke chini ya kila mstari, niteremke nayo. Nikaishia kuisoma rula, ina namba ambazo hazianzii mwanzoni kabisa, zinaacha kijinafasi, sijui kwa nini. Mwingine anasema zima simu. Simu yangu ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita, nizime nini? Babu Mvuke akasema ninywe kahawa chungu, nikanywa, akili badala ya kutoka ikitembea ikawa inatoka mbio. Na kila mmoja akimaliza dawa yake na mimi nikisema haikufaa, ananiangalia vilevile kama yule mwalimu. Tuliza akili, bwana mdogo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka mgongo umeuma, uvunguni kwenyewe hakuna kitu.

Babu alizidisha utani. Alisema nikifeli atamposa dada yangu ili awe shemeji yangu, anitese kisheria. Nikamwambia, kwa magoti yapi? Akacheka, lakini nilimuona alivyoliangalia boila lake baada ya kucheka.

Dada yangu ni msusi, anasukia nyumbani, pale sebuleni. Jioni moja alikuwa na mteja, mama mmoja mnene amekaa kwenye mkeka na kichwa kimelazwa kwenye goti la dada. Mimi niko kwenye kochi na kitabu. Nimekaa kimya, adabu tupu, kurasa zinafunuliwa. Dada hakuinua macho, akaniuliza tu, umesoma nini hapo? Nikafungua mdomo, nikaufunga. Akavuta nywele za yule mama kwa hasira mpaka mama wa watu akasema jamani, mimi nimekukosea nini?

Nikarudi kwenye ukurasa huku nimeudhika. Nikakutana na sentensi hii: "Mhudumu asiye makini ni hatari kuliko boila lenyewe."

Sijui nini kilinipanda. Nikakiambia kile kitabu, kwa sauti, "Wewe unanijua mimi?"

Mteja wa dada akashtuka, akadhani anaambiwa yeye. Dada akacheka. "Enhe, mjibu," akasema. "Usikubali."

Sikukubali. Kitabu kikasema maji yakipotea kwenye kioo, mhudumu asiongeze maji. Nikakiuliza, kwa nini nisiongeze? Mtu ana kiu kali, nimnyime maji, huo si ukatili? Nikasoma mstari wa pili nikitafuta jibu lake. Kikasema kwanza zima moto. Nikasema, moto baadaye, nijibu kuhusu maji. Mstari wa tatu ukanijibu: chuma kilichokauka kinakuwa chekundu kwa joto, maji ya baridi yakikigusa yanageuka mvuke wote kwa mara moja, na boila linapasuka. Nikakiambia, haya, hapo umesema.

Kikaja kifungu cha kupuliza kioo. Kila siku ufungue kivali cha chini, maji ya kwenye kioo yatoke, ufunge, uone yanarudi vipi. Nikasema kazi bure, maji si nayaona? Kikajibu kwamba tundu likiziba, maji yanaweza kubaki kwenye kioo wakati ndani hamna kitu. Yaani kioo kinasema uongo na uso mkavu. Nikakasirika kweli, nikasema, sasa kama kioo nacho kinasema uongo mimi nimuamini nani? Na kitabu kikanijibu tena, ukurasa uleule: viko vioo viwili, ulinganishe.

Dada akaniuliza, umesoma nini? Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na hasira yake. Yule mama wa mkekani akasema sasa hata yeye anaweza kuwasha boila.

Kumbe ilikuwa hivyo tu. Miaka yote nimeambiwa ninyamaze mbele ya kitabu kama bwana harusi mbele ya wakwe. Mimi siwezi kumsikiliza mtu anayeongea peke yake. Akili yangu inaaga kistaarabu inaondoka. Lakini tukigombana, siondoki. Nani anaondoka katikati ya ugomvi? Tangu siku hiyo nikawa nasoma kwa kujibizana. Kwenye boila, sebuleni, uani nikianua nguo. Dada akawa saa yangu. Akisikia sauti anaendelea kusuka. Nikikatika, anagonga kitana kwenye stuli, "Umeondoka." Na kweli anakuta niko kwa kinyozi. Alisema neno moja nikalishika: "Wenzako wakinyamaza wanasoma. Wewe ukinyamaza umeshatoka."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Msusi ndiye anayejua maana ya hiyo methali kuliko wote. Kuna nywele zinakubali kulala, kuna nyingine ukizilaza zinakukatikia mkononi.

Siku ya mtihani nikafika ofisi ya ukaguzi mapema, nimevaa shati la Babu Mvuke, ambalo lilikuwa limepigwa pasi kwa ile mashine kubwa mpaka linasimama lenyewe. Pale mlangoni kwa nje walikuwa wamebandika karatasi ya masharti. Wenzangu wanaipita tu. Mimi sikuwa na la kufanya, nikaanza kugombana nayo. La kwanza, ufike kabla ya wakati. Nimefika, ninyi ndo hamjafungua. La pili, simu. La tatu, uje na kalamu. La nne, mtahiniwa haruhusiwi kuzungumza na mtahiniwa mwenzake. Nizungumze naye nini, namjua? La tano, karatasi ya mtihani haitatolewa nje ya jengo. Niitoe niipeleke wapi, nikafungie misumari? Mlinzi aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akaniangalia, akasogeza kiti chake upande wa pili.

Tukaingia. Ukumbi una feni moja inayokwaruza, meza moja moja, mbalimbali. Msimamizi alikuwa mama mmoja, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akatugawia karatasi, akasema anzeni, akakaa.

Maelezo yalikuwa marefu kama mkia wa foleni ya hospitali. Nikajaribu kusoma kimya. Nakwambia nilijaribu. Feni ikakwaruza, nikawaza bawa lake limepinda, likichomoka litaruka upande gani, litampata nani wa kwanza, pengine yule mwenye upara... Kushtuka, wenzangu wameshaanza kuandika na mimi niko darini na feni. Nikaona shuka za hospitali zile, nikaona gunia linamwagwa. Nikasema hapana. Nikainamia karatasi, nikaanza kujibizana nayo kwa kunong'ona.

Ikaja vizuri. Karatasi inasema presha imepanda na vali ya usalama haijafunguka, nami naiuliza, ulikuwa wapi wewe mpaka ipande, inanijibu, tunaelewana. Nikajibu swali la kwanza, nikaingia la pili. Hapo jamaa wa meza ya jirani, mtu wa kiwanda cha sabuni, akainua mkono akasema mimi nampigia kelele na huenda naambiwa majibu na mtu.

Nani aniambie? Feni?

Mama msimamizi akaja. Akaniambia kwa upole kabisa ninyamaze. Nikanyamaza. Akaondoka, na mimi nikaondoka, nikaenda zangu kwa kinyozi. Nikajirudisha, nikanong'ona tena. Safari hii akaja bila upole. Akachukua karatasi yangu mezani akasema nimevunja masharti, nitoke.

Watu wakainua vichwa. Walikuwa wanacheka chini kwa chini, na kile kicheko nilikuwa nakijua, nilikua nacho. Mama akasema kwa wote, wala siyo kwangu, debe tupu haliachi kuvuma.

Pale ningeweza kutoka. Zamani nilitoka. Miguu ilishasimama yenyewe. Lakini hasira inaponishika, akili yangu haiendi popote, inakaa palepale imekunja mikono. Nikamuuliza, nimevunja sharti namba ngapi?

Akasema sharti la kunyamaza.

"Hilo halipo, mama."

Akaniangalia kama vile nimemtukana mzazi wake. Akasema yeye amesimamia mitihani hapo miaka chungu nzima, asifundishwe masharti na mimi. Nikamwomba kwa heshima zote twende mlangoni tuyasome. Nadhani alikuja ili anitoe na mlango uwe karibu. Akavaa miwani, akasimama mbele ya karatasi ile, akaisoma kimya kutoka juu mpaka chini. Akasema, haya, umeona?

Mimi nilikuwa naangalia macho yake. Ile sura naijua. Naijua kuliko mtu yeyote duniani, nimeishi ndani yake. Macho yalikuwa yanateremka vizuri, mstari kwa mstari, na mwenyewe hayupo. Pengine alikuwa nyumbani kwake, pengine aliacha kitu jikoni. Nikamuuliza, la nne linasemaje?

Akafungua mdomo, akaufunga.

Sikucheka. Naapa sikucheka, ingawa mlinzi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Mama akarudi kwenye karatasi, safari hii akaweka kidole kwenye la nne, akakisogeza neno kwa neno.

"Mtahiniwa haruhusiwi kuzungumza na mtahiniwa mwenzake," nikamsaidia. "Mimi nimezungumza na nani? Nimezungumza na karatasi. Karatasi imekuja kufanya mtihani?"

Akasema nawasumbua wengine. Hapo nikakubali, ni kweli, na yule wa sabuni naye anatafuta cheti chake. Nikasema basi anipeleke pengine. Akasema karatasi haitoki ukumbini. Nikamwambia asome la tano. Akalisoma. Haitatolewa nje ya jengo. Korido siyo nje ya jengo. Chumba cha pale mwisho siyo nje ya jengo.

"Mama, mnanitaka ninyamaze ndo muamini nasoma. Mimi nikinyamaza ndo sisomi. Shuleni niliitwa mtoro kwa kitu hichohicho, na nilikuwa nakuja kila siku."

Hakusema pole, wala sikumtegemea aseme. Alisema muda wangu unaendelea kuhesabiwa na yeye hataongeza hata chembe. Akafungua stoo iliyoko mwisho wa korido, yenye viti vilivyovunjika miguu, akamwita mama wa usafi asimame na ndoo yake mlangoni anilinde nisiibie. Niibie kwa nani, kwa viti?

Nikageuza kiti kimoja chenye miguu mitatu, nikakiegemeza ukutani, nikafanya mtihani kwa kugombana kwa sauti yangu yote. Likaja swali la maji kupotea kwenye kioo. Nikasema, wewe tena, tulishaongea. Mama wa usafi akajibu kutoka mlangoni kwamba yeye hajawahi kuongea na mimi. Swali la mwisho niliandika nusu tu kabla mama msimamizi hajaja kuninyang'anya karatasi. Ule muda wa kusimama mlangoni kubishana na masharti ulikuwa wangu, na haukurudi.

Nilifaulu. Si kwa kishindo, nilivuka mstari na vidole vya miguu, lakini nilivuka. Bosi akasoma matokeo, akasema Kipepeo ametua. Babu Mvuke akanikabidhi funguo za chumba cha boila na kitabu chenye duara la chai kiwe changu, akaniambia ule ukurasa wa kupuliza kioo yeye hajawahi kuufikia, kila akianza kusoma usingizi unampitia. Nikamwambia, babu, ungekitukana. Akasema kwa umri wake anatukana watu tu. Dada alipopata habari alisema sasa nyumba itakuwa kimya, nywele zitanyooka. Halafu akaingia chumbani akakaa huko kidogo.

Ningependa kuishia hapo, lakini sijamaliza kukasirika.

Kuna mama mmoja pale kiwandani tunamwita Shangazi wa Pasi, anasimamia ile mashine kubwa ya pasi. Nayo inatumia mvuke, nayo sasa imetolewa amri kwamba lazima cheti. Shangazi naye kitabu kinamtoroka. Yeye akisoma anajikuta anawaza wanawe, mmoja mmoja kwa zamu, na ana wanawe wengi. Nikamfundisha. Mwanzo aliona aibu, akasema yeye ni mtu mzima, atagombanaje na karatasi. Nikamwambia afanye kama kitabu ni wifi yake. Hapo hakuhitaji mwalimu tena. Watu wa mashine za kufulia walikuwa wanazima mashine ili wamsikilize. Kitabu kilisema asiguse roli, lile gogo la chuma la moto linalozunguka, kwa mkono, Shangazi akakiambia, na wewe uliyekuja kunifundisha nyumba yangu, ya kwako umeifagia?

Akaenda kule ofisi ya ukaguzi kuandikishwa. Akarudi amenuna, amekaa kwenye rundo la taulo. Akasema pale mlangoni kumebandikwa karatasi mpya. Limeongezwa sharti moja: mtahiniwa haruhusiwi kutoa sauti ya aina yoyote akiwa ndani ya jengo. Ndani ya jengo, wamelitia na jengo, wasiache hata stoo.

Nilimfanya anirudie mara mbili. Yaani walikaa mezani watu wazima, wakaona kuna mtu anasoma kwa sauti, ana sababu, amefaulu, na walichojifunza ni hicho. Kuziba tundu. Boila ukiliziba tundu linakuaga kwa mlipuko, kitabu chao wenyewe kinasema.

Sikukimbia. Nilisubiri mashine zimalize nguo za hospitali, nikazima moto, nikaangalia vioo vyote viwili, nikasubiri presha ishuke, nikafunga vali ya kutolea mvuke. Bosi akauliza kwa nini mapema, nikamwambia nakwenda kusoma. Nikaenda kama nilivyo, masizi mpaka shingoni.

Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Aliponiona akasogea bila kuambiwa. Nikasimama mbele ya mlango nikaisoma ile karatasi mpya kwa sauti, la kwanza mpaka la mwisho, na kila moja nikalijibu. Lile jipya nililiuliza maswali mengi. Nikikohoa? Tumbo likinguruma? Kalamu ikianguka, imeanguka yenyewe au nimeiangusha mimi? Feni yenu je, nayo mtaitoa nje? Milango ya korido ikaanza kufunguka. Wengine walitaka kujua kuna nini, wengine walibaki kusikiliza.

Mama msimamizi akatoka. Akanitambua. Akasema, wewe tena, karatasi hii ya nini kwako, si ulishapata cheti? Nikamwambia mimi nimepata, shangazi yangu bado. Akasema masharti ni masharti. Nikamwomba kitu kimoja tu, anisomee hilo jipya, kwa sababu mimi sikwenda shule sana, huenda nimelielewa vibaya.

Akavaa miwani. Akaanza kwa macho, nikaona yanaanza kuteleza, naye akagundua, kwa sababu alinitupia jicho haraka. Hakutaka kurudia aibu ya siku ile. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na ili asipotee, midomo yake ikaanza kucheza. Kasauti kadogo kakawa kanamtoka, neno kwa neno. Haruhusiwi. Kutoa. Sauti.

Nilimwacha afike mpaka kwenye nukta.

"Mama," nikamwambia, "nimekusikia."